Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu: somo la kompyuta mmeliita la kuchagua, ila mtoto hana anachochagua

Waheshimiwa wa Wizara ya Elimu, TAMISEMI, Taasisi ya Elimu na Baraza la Mitihani, shikamooni. Na mlio wadogo kwangu poleni na kazi.

Mimi ni mama mwenye steshenari mkoa wa Morogoro, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa. Duka lina mashine moja ya fotokopi, printa mbili, kompyuta tatu za wateja na benchi la nje chini ya mwembe ambapo wanafunzi hukaa wakisubiri. Nina diploma ya TEHAMA kwahiyo natengeneza pia kompyuta na laptopu za watu hapa mjini. Mwanangu wa pili yuko kidato cha pili, mwakani anaingia cha tatu na ndo anatakiwa achague masomo, na hilo ndo limenifanya nikae nianze kuandika, maana kila nikiiangalia ile orodha ya masomo ya kuchagua kuna kitu kinaniuma, nikaona bora niwaambie wenyewe mnaopanga kuliko kuishia kulalamika na majirani.

Ngoja nianze na kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Mwezi wa tatu mwaka huu, jioni, mvua imetoka kukatika, akaja binti wa kidato cha tatu na kauntabuku kalikunja ndani ya mfuko wa Rambo lisilowe. Akasema shikamoo anti, naomba unichapie hii alafu uone kama inafanya kazi. Nikadhani ni barua ya maombi au historia ya marehemu, ndo vitu tunavyochapa sana huku. Nafungua nakuta ni programu. Programu ya Python, ile lugha ya kuiandikia kompyuta maelekezo, mistari kama kumi na tano, imeandikwa kwa peni ya bluu, maneno mengine yamepigiwa mstari na rula, na pembeni kuna tiki nyekundu ya mwalimu na neno "Vizuri". Ilikuwa inatakiwa ipokee alama za masomo, ijumlishe, itoe wastani, iseme umefaulu au hujafaulu.

Nikamwambia sikuchapii, kaa hapa uchape mwenyewe, hela yako weka. Akakaa. Mistari kumi na tano ilimchukua karibu nusu saa, anatafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, mabano hakujua yanatoka wapi, nikamuonyesha kushikilia Shift. Alipomaliza nikamwambia iendeshe. Yakatoka maandishi mekundu. Yule mtoto aliziba mdomo kwa mkono akaniangalia, alidhani ameniharibia kompyuta! Nikamwambia hujaharibu kitu mwanangu, inakuambia mstari wa tisa umesahau nukta mbili mwishoni. Akaangalia kwenye daftari, kweli hazipo, na tiki imepita palepale juu yake. Akaziweka. Akaendesha tena, safari hii ikakubali, akaingiza 40 ya Kiswahili na 35 ya Hisabati kuijaribu, mashine ikamwambia jumla ni 4035.

Alikaa kimya pale akiangalia ile 4035. Mi sikusema kitu makusudi. Baada ya muda akasema "anti, hii haijajumlisha, imezibandika tu." Nikamwambia eeh, kwa sababu unachokiandika pale mashine inakichukua kama maneno mpaka uiambie kwamba hii ni namba. Akafikiria mwenyewe wapi aiambie. Alipopata ile jumla ya 75 alipiga meza kwa kofi mpaka wateja wa fotokopi wakageuka. Na hakuishia hapo, swali lililofuata lilikuwa "je mtu akiandika herufi badala ya namba itakuaje?" Hilo ndo swali la mtu anayeanza kuwa mwandishi wa programu, na hakuna aliyemfundisha aulize, alifundishwa na ile mashine.

Naomba nieleweke, simlaumu mwalimu wake hata kidogo. Yule mwalimu ana watoto 45 na chaki. Na kwa macho ya mtu aliyechoka ile programu inaonekana imekamilika. Ninachosema ni kwamba kuandika programu ubaoni ni sawa na kufundisha kuogelea kwenye kibaraza, mtoto atakariri jinsi ya kurusha mikono na mtihani wa kuandika atafaulu, ila maji hajayagusa. Na uzuri wa hili somo kushinda mengine ni kwamba mtoto akikosea mashine inamwambia palepale, haimdhalilishi wala haichoki, anarekebisha anajaribu tena hata mara thelathini. Ukitoa mashine umetoa mwalimu wa pili, na pengine ndo mwalimu mkubwa.

Sasa niwaambie kuhusu maabara ya shule anayosoma huyo binti. Kompyuta zipo 20 na tunashukuru kwa hilo, kuna shule nyingi nchini zimepewa kompyuta na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na wadau wengine, hatujasahau fadhila. Lakini nilipoenda mara ya kwanza zilikuwa zinawaka 9. Kumi na moja zimeandikwa "mbovu" kwa karatasi na selotepu, zimefunikwa vitambaa vya kudarizi vizuri kabisa.

Fanyeni hesabu na mimi. Wanafunzi 45, kompyuta 9, ni watoto watano kwa mashine. Kipindi ni dakika 40. Kila mtoto anapata dakika 8, na hapo ni kama wamegawana sawa na umeme upo na hakuna dakika iliyopotea kuwasha. Nao hawagawani sawa, nimekaa nyuma nikaangalia: anayekaa katikati mbele ya kibodi ndo anashika maus kuanzia mwanzo mpaka kengele, mara nyingi ni mvulana ambaye nyumbani kwao kuna laptopu, na wasichana wawili wamesimama nyuma wanaangalia mabega ya wenzao. Yule binti wa 4035 alikuwa mmoja wa wanaosimama. Tangu kidato cha kwanza hajawahi kuandika mstari mmoja mzima mwenyewe mpaka siku ile dukani kwangu.

Mkuu wa shule ni mtu mwema, aliniomba nizikague zile 11. Barua ya kuomba ruhusa fundi wa nje aguse mali ya serikali ilienda ofisini mwezi wa tano ikarudi mwezi wa nane. Nilipozifungua, 4 zilikuwa zimekufa betri ya CMOS tu, ile betri ya duara kama sarafu inayotunza saa, kompyuta ikiwashwa inarudi miaka ya nyuma inasimama inasubiri ubonyeze kitufe, basi watu wakajua imekufa. Betri moja dukani kwangu 2,000. Nyingine 2 zilikuwa ramu, yaani kadi za kumbukumbu, zimeshika kutu na vumbi, nilizitoa nikazisugua na raba ya penseli kwenye yale meno ya dhahabu, nikarudisha, zikawaka. Tatu zilikuwa pawasaplai ya kuingizia umeme, mbili hadidiski ya kutunzia mafaili, hizo zinahitaji pesa kidogo. Yaani kompyuta 6 zimerudi kazini kwa shilingi 8,000 na raba ya mtoto wa darasa la kwanza! Tukatoka kompyuta 9 tukaenda 15, watoto watatu kwa mashine, dakika 8 zikawa 13. Mchana mmoja tu. Zilikaa zimefunikwa vitambaa zaidi ya miaka miwili.

Na kuna lingine dogo linalofanana na hilo. Mwalimu alishapakua Python kwa bando lake mwenyewe, toleo jipya kabisa, ikagoma kuingia, akahitimisha kwamba kompyuta za shule hazina uwezo. Kumbe zile kompyuta zinatumia mfumo wa zamani, Windows 7, na Python kuanzia toleo la 3.9 haikubali Windows 7, unatakiwa uchukue 3.8 na hiyo inatosha kabisa kwa kidato cha tatu na cha nne. Ni programu ya bure, haifiki MB 30, ukishakuwa nayo kwenye flashi hauhitaji intaneti tena. Tovuti pia mtoto anaanza nayo kwenye Notepad, programu ndogo ya kuandikia iliyopo tayari ndani ya kila kompyuta, hakuna bando linalohitajika. Mwalimu hakuwa na wa kumuuliza, ndo shida ilipo. Angekuwa na namba moja ya simu ya fundi wa wilaya anayejua haya mambo angeokoa mwaka mzima.

Nije kwenye lile linaloniuma zaidi.

Mmeliita somo la kuchagua. Mtoto anachagua wapi? Anamaliza msingi anapangiwa shule, shule ndo inaamua kama somo lipo au halipo. Kata yetu na mbili za jirani kuna sekondari tatu za serikali ninazozijua vizuri, moja ndo ina somo la kompyuta, mbili hazina maabara wala mwalimu. Kwahiyo mtoto aliyepangiwa hizo mbili hiari yake iliisha siku majina yalipobandikwa, akiwa na miaka kumi na tatu, bila kuulizwa. Mwanangu mimi yuko kwenye moja ya hizo mbili. Anakaa dukani kwangu kila jioni, anajua kutenganisha virusi vinavyogeuza mafaili kuwa shotikati na anajua kuandika programu ya kuhesabu mauzo ya daftari langu, ila mwakani kwenye fomu ya kuchagua masomo hicho kisanduku hakipo. Na huyo wangu ana duka la mama yake. Wenzake mia na kitu hawana.

Hata kule somo lilipo, kuna tabia ya kuchuja, aliyepata alama ndogo za Hisabati kidato cha pili anaambiwa kompyuta haikufai nenda masomo ya sanaa. Nani kasema? Binti wa 4035 Hisabati yake ni ya kawaida sana.

Na hapa niseme kidogo kuhusu upande wa habari na picha, video, sauti, usanifu wa matangazo, maana watu wengi wakisikia somo la kompyuta wanafikiria kodingi, yaani kuandika programu, peke yake au kuchapa barua. Hapa mjini kuna kijana kamaliza kidato cha nne mwaka juzi kwa divisheni ziro, sasa ndo anaediti video za harusi na mahafali za tarafa nzima, kwa simu, na anajua mwanga, anajua akate wapi ili machozi ya bibi harusi yaonekane na kelele za jenereta zisisikike. Shuleni miaka minne hamna hata siku moja alipimwa kwa hicho kitu. Ila yapo asiyoyajua na yanamgharimu. Aliweka muziki wa watu kwenye video ya mteja, ikashushwa mtandaoni, mteja akadai hela yake. Aliwahi kurusha picha za watoto wa shule ya awali bila kuuliza mzazi yeyote, ugomvi ukafika kwa mtendaji. Hajawahi kusikia habari za hakimiliki, hajui kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 wala Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Angesikia wapi? Watoto wetu wanatengeneza na kusambaza picha na video kila siku wakiwa likizo na simu za wazazi, na siku hizi kuna picha na sauti za kutengenezwa na akili bandia ambazo hata mimi zinanipita, alafu hakuna mahali wamekaa na mtu mzima wakafundishwa jinsi ya kutengeneza kitu cha kweli, cha heshima na chenye ubora. Hilo ni somo kamili, lina sheria ndani yake, lina sayansi ya sauti na mwanga, lina uandishi, lina biashara. Naomba msiliache liwe mada mbili za mwisho wa kitabu ambazo mwalimu hafiki.

Najua mnafanya kazi. Mtaala mpya umeanza Januari 2024, sera ya elimu Rais ameizindua Dodoma mwanzoni mwa 2025, mkondo wa amali, yaani wa ufundi, umeingia sekondari, tahasusi za kidato cha tano zimeongezwa nyingi, na ujuzi ndo umekuwa wimbo wa kila kikao. Nafurahi kwa dhati. Jirani zetu nao wanakimbia, Rwanda wana shule yao ya kodingi kule Nyabihu tangu 2019, Kenya taasisi yao ya mitaala ilipitisha mtaala wa kodingi mwaka 2022. Na hapahapa kwetu shirika la Apps and Girls wamekuwa wakifundisha wasichana wa sekondari kodingi tangu 2013, kwahiyo hakuna wa kutuambia kwamba binti wa Kitanzania hawezi.

Ila kuna hesabu moja naomba muikumbuke wakati mnapanga. Walioanza darasa la tatu na mtaala mpya 2024 wanamaliza la sita 2027, mwaka uleule ambao wa mtaala wa zamani wanamaliza la saba. Januari 2028 wanaingia kidato cha kwanza wote kwa pamoja. Madarasa mnajenga, tunayaona. Lakini ile maabara ya kompyuta 15 itapokea watoto mara mbili na dakika zangu 13 zitarudi kuwa 6. Tusisubiri 2028 ifike ndo tuanze kuulizana.

Ninachowaomba ni hiki, na kikubwa ni cha kwanza: mruhusuni mtoto asome na kufanya mtihani wa somo hili kupitia shule jirani yenye maabara hata kama shule yake haina. Shule zetu tatu hazizidi kilomita tano kutoka moja hadi nyingine, watoto wanatembea zaidi ya hapo kufuata maji. Jumamosi asubuhi na mchana mbili kwa wiki maabara moja ihudumie shule tatu, mwalimu alipwe posho ya hizo saa, na usajili wa mtihani utambue kwamba mtoto ni wa shule A lakini somo hili amelisomea B. Hapo ndo litakuwa la kuchagua kweli.

Alafu wakaguzi wakija shuleni, mbali na kuhesabu kompyuta zilizopo, waulize zimetumika saa ngapi kwa jumla. Daftari moja tu mlangoni, nani ameingia, amekaa muda gani, ameshika kibodi au amesimama nyuma. Maana nimegundua kwa nini maabara nyingi zimefungwa kwa kufuli mbili: kompyuta ikipotea mwalimu anaulizwa na anaweza kukatwa mshahara, lakini kompyuta ikikaa miaka mitatu bila kuguswa haulizwi mtu yeyote. Mwalimu yeyote mwenye akili na familia atafunga. Mlindeni mwalimu anayefungua, wekeni utaratibu kwamba kifaa kikiharibika kwa matumizi ya kawaida ya wanafunzi sio kosa lake.

Matengenezo madogo mkuu wa shule aruhusiwe kuyafanya papo hapo kwa fundi wa mtaani kwa kiwango mtakachoona kinafaa, na risiti itunzwe. Barua ya miezi mitatu kwa betri ya 2,000 hapana jamani. Kuhusu walimu, vijana waliosoma kompyuta vyuoni wako wengi huku mitaani wanauza vocha na kava za simu, wapeni mafunzo mafupi ya ualimu na mkataba hata wa muda, wengine wangekuja kwa posho ya nauli tu, mimi mwenyewe naenda bure.

Na kwa upande wa mtihani, mtihani wa vitendo upo na ni jambo jema, ila naomba sehemu ya alama itokane na kitu ambacho mtoto amekijenga kwa muhula mzima, programu ya duka la baba yake, tovuti ya kikundi cha akina mama, video ya dakika tatu kuhusu mto unaokauka, kitu ambacho kinafanya kazi mkikifungua. Mkipima hivo, shule zitafungua milango zenyewe bila kusukumwa, kwa sababu kitu cha hivo hakiwezi kuandikwa kwa peni ya bluu.

Yule binti bado anakuja, siku hizi analeta wenzake wawili. Ile programu ya wastani ameiongezea, sasa mtu akiandika herufi inamwambia kwa Kiswahili "tafadhali andika namba", na anataka aionyeshe kwa mwalimu wa taaluma aitumie kwa darasa zima. Mkuu wa shule ametukubalia Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita, funguo nachukua kwa mlinzi na kusaini mwenyewe. Wa zile shule mbili nyingine nao nimewaambia waje, ila kwa sasa wanakuja kama wageni tu, majina yao hayapo popote kwenye usajili. Mkipita barabara hii ya Iringa siku ya Jumamosi karibuni mkae nao hata nusu saa, mtatukuta.

Asanteni kwa kunisoma.

Mama wa steshenari, Morogoro